Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupata wateja wapya kwa mazungumzo katika kazi za kitaalamu

Ukurasa huu ni wa mawakili, wahasibu, wakaguzi wa hesabu, wasanifu majengo, wahandisi na washauri wa kila aina, yaani watu ambao bidhaa yao ni utaalamu walio nao kichwani. Maswali ni yale ninayoulizwa na wenzangu, hasa walioacha ajira wakafungua ofisi zao. Mimi nimefanya ushauri wa kodi kwa miaka mingi, na mengi ninayoyajibu hapa nilijifunza baada ya kuwapoteza wateja ambao ningeweza kuwasaidia.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikifanya kazi nzuri, si wateja watakuja wenyewe?

Methali hiyo inafaa kwa kitu ambacho mnunuzi anaweza kukikagua kabla ya kulipa. Kitambaa hushikwa, hukunjuliwa, hutazamwa kwenye mwanga. Ushauri wako haushikiki. Mwaka 1973 wachumi Michael Darby na Edi Karni walieleza kundi la bidhaa na huduma ambazo mnunuzi hawezi kuujua ubora wake hata baada ya kuzitumia. Kazi zetu nyingi zimo humo. Mteja aliyeshinda kesi hajui kama ni kwa sababu ya wakili hodari au kwa sababu upande wa pili ulikuwa na hoja dhaifu. Aliyelipa kodi kidogo mwaka huu hajui kama mshauri mwingine angempatia nafuu zaidi, au kama huyu wa sasa amemwachia deni litakaloibuka baadaye.

Kwa kuwa hawezi kuipima kazi, anapima anachokiona: ulivyomsikiliza, ulichouliza, ulivyosema "hilo silijui, nitaliangalia" badala ya kubabaisha. Hicho ndicho kipande cha kazi yako kinachoonekana kabla ya malipo. Chema chako hakijiuzi kwa sababu kimefichika, na mazungumzo ndiyo yanayokifunua.

Basi mazungumzo ya kwanza ni ya kufanya nini hasa?

Ni ya kuanza kazi. Watu wengi huyafanya kuwa ya kujieleza: nimesoma wapi, nina uzoefu wa miaka mingapi, ofisi yangu inatoa huduma hizi na hizi. Mteja anatikisa kichwa kwa adabu, anachukua kadi, anakwenda. Hajapata chochote, nawe hujajua kwa nini alikuja.

Nilipoanza, alinijia mwenye biashara akasema anataka mtu wa kumpangia vitabu vya hesabu. Nilizungumza karibu dakika arobaini kuhusu mifumo ya hesabu, tena kwa furaha, maana ndilo somo nililolipenda. Alinishukuru na sikumwona tena. Baadaye nilisikia kwamba yeye na kaka yake walikuwa wakigawana biashara, na alichotaka kujua ni kama mgawo ulikuwa wa haki. Alitaja vitabu vya hesabu kwa sababu ndilo jambo lisilo na aibu kumwambia mtu usiyemjua. Swali moja tu lingetufikisha huko, na sikuliuliza.

Tangu siku hiyo najua kwamba jambo la kwanza analolitaja mteja ni mlango tu. Chumba chenyewe kiko ndani zaidi.

Niulize maswali gani?

Lenye nguvu kuliko yote ni: kwa nini sasa? Tatizo huwa limekaa miezi, pengine miaka. Kuna kilichotokea wiki hii kikamfanya anyanyue simu. Ukikijua hicho, umejua uzito wa jambo na muda ulio nao. Tazama mazungumzo haya kati ya wakili na mama mwenye karakana:

"Nataka kuandikiwa mkataba wa ubia."

"Sawa, mama. Kabla hatujafika kwenye mkataba, nini kimetokea mpaka ukaona sasa unahitajika?"

"Mwenzangu ameanza kuleta ndugu zake kazini."

"Na mlikuwa mmekubaliana nini kuhusu kuajiri?"

"Hatukuwahi kulizungumza."

"Ukimwambia leo kwamba hulipendi, unadhani atasema nini?"

Hapo mama alinyamaza, kisha akaanza kueleza mambo ambayo hakuna fomu ya mteja mpya ingeyauliza. Kumbe mkataba unaotakiwa ni ule unaosema nani anaajiri, nani ana neno la mwisho, na mmoja akitaka kutoka anatokaje. Wakili hajajisifu hata mara moja, lakini mama ameshaona kwamba huyu anaielewa kazi yake.

Angalia pia kwamba kila swali lilizaliwa na jibu lililotangulia. Watafiti wa Harvard walichapisha mwaka 2017 matokeo ya majaribio yao kuhusu mazungumzo, na waliona kwamba watu wanaouliza maswali mengi zaidi hupendwa zaidi na wanaozungumza nao, hasa maswali yanayofuatilia kile mwenzako alichotoka kusema. Kwa hiyo orodha ya maswali ishirini uliyoiandaa nyumbani iweke mfukoni. Anza na moja, kisha fuata majibu yanakokupeleka.

Maswali mengine yanayonisaidia: "Umeshajaribu nini mpaka sasa?" "Jambo hili likibaki hivi mwaka mzima, litakugharimu nini?" "Mbali na wewe, nani mwingine anahusika kwenye uamuzi huu?" Hilo la mwisho watu huliona gumu kuuliza. Liulize mapema kwa heshima, vinginevyo utaongea wiki tatu na mtu ambaye hawezi kusaini chochote.

Nikimpa majibu bure, si atachukua ushauri aende zake?

Wachache watafanya hivyo, na hao wasingekulipa hata ungenyamaza. Wengine wakishaelewa ukubwa wa jambo ndipo wanapoona hawawezi kulifanya peke yao. Mstari ninaouchora mimi ni huu: kumsaidia mtu alione tatizo lake vizuri ni bure, na kulitatua ni kwa ada. Kumwambia "hapa una mambo mawili, na la pili ndilo la hatari" ni bure. Kukaa na nyaraka zake na kuandika maoni atakayoyategemea ni kazi ya kulipwa.

Sababu nzito zaidi ya kuuchora mstari huo haihusu pesa. Maneno uliyoyasema bure yanaweza kukufunga. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota, Marekani, iliamua kesi ya mwanamke aliyekwenda kuonana na wakili kuhusu madhara aliyoyapata mumewe hospitalini. Walizungumza chini ya saa moja au karibu na hapo. Wakili alisema haoni kama kuna kesi, hakutoza chochote, hapakuwa na mkataba, na hakumwambia kwamba muda wa kufungua shauri una kikomo. Muda ukapita. Mahakama ilikubali kwamba uhusiano wa wakili na mteja ulikuwepo na wakili akawajibika. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini hatari hiyo ni ya taaluma zote: aliye mbele yako anakuamini, na atatenda kwa neno lako.

Kwa hiyo sema waziwazi, "Haya ni mawazo ya mwanzo, bado sijaona nyaraka." Na kama kuna tarehe ya mwisho inayomkaribia, mwambie hata kama hutaichukua kazi.

Ukimya ukiingia katikati ya mazungumzo naogopa, najikuta naongea tu. Nifanyeje?

Hofu hiyo ina chanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mazungumzo katika lugha 10 tofauti, na nafasi ya kawaida kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu ilikuwa karibu sekunde 0.2. Ni kufumba na kufumbua. Masikio yetu yamezoea kasi hiyo, ndiyo maana sekunde tatu tu zinaonekana kama aibu.

Lakini mteja anayefikiria jambo zito anahitaji hizo sekunde tatu, wakati mwingine kumi. Ukizijaza kwa maneno, unamnyang'anya jibu alilokuwa analitafuta. Uliza, kisha shusha macho kwenye daftari lako na ungoje. Mambo mengi ya maana niliyowahi kuambiwa na wateja yalikuja baada ya ukimya niliotamani kuukatiza.

Nizungumze na nani? Marafiki zangu wa karibu nimeshawamaliza.

Vizuri, maana kwa kawaida wateja hawatoki huko. Marafiki wa karibu wanawajua watu wale wale unaowajua wewe. Mwanasosiolojia Mark Granovetter aliwachunguza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, na mwaka 1973 akaandika kwamba asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Yeye alikuwa akichunguza ajira, si wateja, lakini kwa ninavyoona habari za kazi za kitaalamu hupita njia hiyo hiyo: kwa mtu uliyefanya naye kazi zamani, mteja wa miaka mitano iliyopita, mliyekaa naye kamati moja.

Kundi ninaloliwekea mkazo kuliko yote ni wataalamu wa fani jirani. Mhasibu husikia migogoro ya wabia kabla ya wakili. Wakili wa mirathi hujua nani anauza jengo kabla ya msanifu. Kaa nao, uliza wateja wao wanasumbuliwa na nini, na uwapelekee kazi inayowafaa bila kuhesabu nani anamdai nani.

Wanapokuuliza unafanya nini, usiseme "ushauri wa kodi". Hakuna anayekumbuka hilo. Sema jambo ambalo mtu akikutana nalo atakukumbuka: "Nawasaidia wenye biashara za familia pale mzazi anapotaka kuwaachia watoto." Mimi nilianza kusema sentensi ya namna hiyo nikiogopa kwamba nitapoteza kazi nyingine zote. Sikupoteza. Watu walioletwa kwangu kwa jambo hilo walikuja na mengine pia.

Je, maadili ya taaluma yanaruhusu kumfuata mtu na kuzungumza naye kuhusu kazi?

Inategemea taaluma, nchi na hali ya unayemfuata. Soma kanuni za bodi yako kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwemo. Ili uone jinsi mambo yanavyotofautiana, chukua Marekani. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu iliruhusu mawakili kutangaza bei za huduma zao za kawaida. Mwaka uliofuata mahakama hiyo hiyo ikaunga mkono adhabu kwa wakili aliyemfuata msichana majeruhi hospitalini akitaka kesi yake. Kisha mwaka 1993 ikafuta marufuku ya jimbo la Florida iliyowazuia wahasibu kuwafuata wateja wa kibiashara ana kwa ana. Sababu ya tofauti hiyo ndiyo ya kuishika: majeruhi kitandani hana nafasi ya kufikiri vizuri, ilhali mwenye biashara aliyeketi ofisini mwake anaweza kusema hapana.

Jambo la pili ni mgongano wa maslahi. Kabla mteja hajaanza kumwaga siri zake, pata majina ya wahusika na uangalie kama humwakilishi yeyote kati yao. Ukishasikia siri za upande mmoja, huenda ukalazimika kuziacha pande zote mbili. Na tatu, usimtaje mteja mwingine ili kujionyesha. Anayesikia anajua siku moja naye atatajwa.

Habari ya pesa niilete lini?

Baada ya nyote wawili kulielewa tatizo na kabla ya kuagana. Ukiitaja dakika ya tano, mteja hana cha kuilinganisha nayo. Ukiiacha kwa barua ya wiki ijayo, anaisoma peke yake na hakuna wa kumjibu.

Sema kiasi, au kiwango cha chini na cha juu, kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi hujiharibia. Wanataja ada, na kabla mteja hajavuta pumzi wanaongeza, "lakini tunaweza kuongea." Umejipunguzia mwenyewe bila mtu kukuomba.

Akisema ni ghali, muulize analinganisha na nini. Mara nyingine analinganisha na mtu anayefanya nusu ya kazi hiyo, na maelezo yanatosha. Mara nyingine kweli hana uwezo. Hapo punguza kazi, usipunguze bei ya kazi ile ile: "Kwa kiasi hicho naweza kupitia mkataba na kukuonyesha hatari zilizomo, lakini majadiliano na upande wa pili utayafanya mwenyewe." Ukishusha ada bila kushusha kazi, umemfundisha kwamba namba ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha.

Mteja amesema "nitafikiria". Nimwache?

Mwache afikirie, ila ujue anafikiria nini. Uliza kwa upole: "Hakuna haraka. Ni jambo gani hasa bado halijakaa sawa kwako?" Huwa ni ada, ni mtu mwingine wa kushauriana naye, au hajaamini kwamba utamudu. La tatu halisemwi moja kwa moja. Likiwa ndilo, pendekeza kazi ndogo ya kwanza yenye mwanzo na mwisho, akuone unavyofanya kazi.

Na kama tayari ana mtaalamu mwingine?

Usimseme vibaya mwenzako, hata mteja akianza yeye. Uliza anachokipenda kwa mtaalamu huyo. Ukiona anahudumiwa vizuri, mwambie hivyo na uagane naye kwa wema. Hilo hulikumbuka.

Mimi ni mkimya, si mtu wa kuchangamka kwenye mikusanyiko.

Usiende kwenye mikusanyiko. Mwalike mtu mmoja mzungumze kwa nusu saa. Wateja wetu wanakuja na mambo yanayowanyima usingizi, na mtu mtulivu anayesikiliza huwapa nafuu kuliko msemaji hodari. Jiandae tu kwa sentensi mbili: ya kueleza unamsaidia nani, na ya kutaja ada.

Kwa simu au ana kwa ana?

Ana kwa ana kama jambo lina aibu au ugomvi ndani yake. Kwa mengine simu inatosha. Kwenye mkutano wa video mwambie kwamba unaandika, asije akadhani unasoma ujumbe wa mtu mwingine.

Kuna wakati wa kukataa mteja?

Upo, na mazungumzo ya kwanza ndiyo yanayokuonyesha. Mimi huwa makini na anayelaumu wataalamu watatu waliomtangulia, wote kwa kosa lile lile. Pia anayetaka uthibitishe jibu alilokwisha kulichagua, na anayekuomba usiandike kitu fulani. Mtu mwenye haraka sana si lazima awe na nia mbaya, ila muulize haraka hiyo imetoka wapi.

Wengine unawakataa kwa sababu kazi si ya fani yako. Hapo mpeleke kwa anayeiweza, na umpigie huyo mwenzako kabla mteja hajafika, ukiwa umepata ruhusa ya mteja. Nimepata wateja wengi kutoka kwa watu niliowakataa kwa namna hii kuliko kutoka kwa tangazo lolote.

Mazungumzo yamekwenda vizuri. Kinachofuata ni nini?

Andika siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Si pendekezo la kurasa kumi na mbili lenye historia ya ofisi. Nusu ukurasa, na utumie maneno yake mwenyewe. Akiona neno alilolisema limerudi kwake jinsi alivyolisema, anajua alisikilizwa. Kwa yule mama wa karakana, barua ingekuwa hivi:

"Mama, asante kwa muda wako wa leo. Nilivyoelewa, wewe na mwenzako mmefanya kazi vizuri bila maandishi, lakini suala la kuajiri ndugu limeonyesha kwamba kuna mambo hamkuwahi kuyazungumza. Unataka kulimaliza bila kuuvunja ubia. Ninachopendekeza ni kwanza tukae sisi wawili tuorodheshe mambo yote yasiyo na makubaliano, kisha niandae rasimu ambayo utaijadili na mwenzako, naye akiwa huru kutafuta wakili wake. Ada ni ile tuliyoitaja, nusu wakati wa kuanza. Majadiliano yakifika mahakamani, hayamo katika kazi hii. Nitakupigia Alhamisi saa nne asubuhi ili nisikie umeonaje. Ukiona ni bora usubiri, niambie tu, hakuna ubaya."

Alhamisi saa nne ikifika, piga. Akikubali, mtumie barua rasmi ya makubaliano ya kazi aisaini kabla hujagusa hata ukurasa mmoja wa nyaraka zake.